Njooni na Sufuria! Nondo wa Aprili kwenye Taa ya Barazani

Safari hii hatuendi mbali. Tunatoka mlango wa mbele, tunasimama barazani, na taa tunaiacha ikiwaka.

Usiku mmoja mwanzoni mwa Aprili nilikuwa jikoni naosha vyombo. Mvua ilikuwa imekatika muda si mrefu, na kwa mara ya kwanza tangu Novemba tulikuwa tumefungua dirisha. Ghafla nikamsikia mama yangu akiita kutoka nje: "Njooni! Njooni na sufuria! Senene wamefika!"

Nieleze kidogo kwa wasiotufahamu. Mama ametoka Bukoba kuja kututembelea hapa Kingsview Village. Alifika Januari, theluji ikiwa imefunika ngazi. Miezi mitatu alikaa dirishani akitazama ndege zikishuka Pearson, akihesabu siku zilizobaki kwenye viza. Si kwamba alinung'unika. Alinyamaza tu, na mnajua ukimya wa mzazi aliyezoea kuwa na watu. Binti yangu ana miaka kumi. Kiswahili anakielewa, ila akijibu anajibu Kiingereza, na bibi yake Kiingereza hana. Kwa hiyo walikuwa wanasalimiana asubuhi, wanatabasamu, halafu kila mmoja anarudi kwenye kona yake.

Kwetu Kagera, kama ilivyo kwa jirani zetu wa Masaka, mdudu anayejaa kwenye taa wakati wa mvua ni riziki. Senene huja kwa wingi Novemba, na mara nyingine tena Aprili na Mei. Watu huwasha taa kubwa, huweka mabati na mapipa, na asubuhi ni kukaanga. Wa pwani na bara nao wana kumbikumbi wao baada ya mvua ya kwanza. Kwa hiyo mama alipoona vitu vyenye mabawa vimetua ukutani chini ya balbu, kalenda yake ya moyoni ilimwambia saa imefika.

Tulitoka mbio. Alikuwa amesimama na sufuria mkononi, macho karibu na ukuta. Wadudu walikuwa saba, kahawia na kijivu, wametulia kama wamebandikwa. Akawatazama sana, kisha sufuria ikashuka. "Hawa si senene."

"Ni nondo, mama," nikasema.

Binti yangu akashtuka. "Nondo? Zile za mjomba?"

Tulicheka mpaka jirani wa chini akafungua mlango. Mjomba wake anajenga Bukoba, na kila mwezi simu inaleta ujumbe uleule: tumeni hela ya saruji, tumeni hela ya nondo. Mtoto amekua akijua nondo ni vyuma vya ujenzi. Hakujua kwamba neno hilohilo ni la mdudu, ndugu wa kipepeo, anayeruka usiku.

Kicheko kilipoisha, hofu ikaingia. Mama akasema nondo ni watu wabaya, wanakula nguo, na yeye ana shali yake ya sufu kwenye sanduku. Jirani wa chini akatuletea kopo la dawa ya kupuliza. Mimi nikawa nimesimama katikati, kopo mkononi, sijui hata mmoja wa hao wadudu saba kwa jina. Nikaona aibu kuua nisichokijua. Nikasema tungoje kesho. Haya ninayoandika ndiyo tuliyojifunza kuanzia usiku ule.

SI HAWA WANAOKULA NGUO

Tuanze na hofu, maana ndiyo inayonyanyua kopo la dawa.

Nondo wa nguo, kwa jina la kisayansi Tineola bisselliella, ni mdogo sana. Akikunja mabawa urefu wake ni kama punje ya mchele. Rangi yake ni ya dhahabu iliyofifia, na jambo kubwa la kukumbuka ni hili: anakimbia mwanga. Ukifungua kabati utamwona anatimka kwenda gizani. Hatumkuti amekaa kwenye taa ya nje akijionyesha. Tena si yeye anayekula. Ni kiwavi wake. Chakula cha kiwavi huyo ni sufu, hariri, manyoya ya wanyama na ya ndege. Khanga na vitenge vya pamba vikiwa vimefuliwa si mlo wake. Kwa hiyo shali ya mama ilistahili kufungwa vizuri kwenye mfuko, lakini adui wake hakuwa pale ukutani.

Kuna mwingine wa ndani ambaye familia zetu zinamfahamu bila kumjua jina: nondo wa unga, Plodia interpunctella. Sisi tunaonunua mchele na unga kwa magunia makubwa tunamkaribisha sana. Utamtambua kwa mabawa yenye rangi mbili: nusu ya mbele ni kijivu cheupe, nusu ya nyuma ni kama shaba. Huruka ovyo jikoni saa za jioni. Ukimwona, kagua unga wa ugali, mchele, karanga, dengu, hata chakula cha paka. Ukikuta nyuzi kama za buibui ndani ya mfuko, tupa. Vilivyobaki salama viweke kwenye friza wiki moja, kisha vihamishie kwenye vyombo vya kioo vyenye vifuniko vya kubana. Kumpulizia dawa nondo wa barazani hakutaokoa hata kibaba kimoja cha unga wako.

Kwa kifupi, wa nguo na wa unga ni wakazi wa ndani. Wanaokuja kwenye taa ya nje mwezi wa Aprili ni watu wa miti na majani.

KWA NINI TAA?

Binti yangu aliuliza swali ambalo hata mimi nimejiuliza tangu enzi za kibatari: kama nondo wanapenda mwanga, kwa nini hawatoki mchana?

Jibu zuri limepatikana karibuni. Mwaka 2024, Samuel Fabian wa Imperial College London, Yash Sondhi na wenzao walichapisha utafiti katika jarida la Nature Communications. Walipiga picha za video za kasi kubwa wadudu wakiruka karibu na taa. Waligundua kwamba mdudu haendi kwenye taa kwa mapenzi. Anageuza mgongo wake kuielekea. Kwa mamilioni ya miaka, usiku, upande wenye mwanga zaidi ulikuwa mbinguni. Mdudu anayeelekeza mgongo kwenye mwanga alikuwa na hakika kwamba tumbo liko chini na anaruka sawasawa. Sasa sisi tumeweka balbu pembeni ya mlango. Anaigeuzia mgongo, anapinda, anazunguka, anapinduka, hajui tena juu ni wapi.

Mama alisikiliza tafsiri yangu mpaka mwisho, kisha akasema, "Kwa hiyo hawajaja. Wamepotea." Binti yangu akaitafuta swichi akazima taa. Nikamwambia aiwashe kwanza dakika kumi tuwatazame, halafu tutaizima. Hiyo ndiyo kanuni ya nyumba yetu mpaka leo: tunatazama, tunaandika, tunazima.

NAMNA YA KUMTAMBUA

Duniani kuna zaidi ya spishi 150,000 za nondo, kwa hiyo usitake kuwajua wote. Bahati nzuri mwanzo wa majira ya kuchipua wanaoruka Toronto ni wachache. Ukianza sasa, utakuwa umewazoea kabla ya Juni, mwezi ambao ukuta hujaa mpaka mtu anakata tamaa. Fanya hivi:

Chagua usiku. Usiku mzuri ni wa mawingu, usio na upepo, baada ya mvua, nyuzijoto zikiwa 8 au zaidi. Usiku mkavu wenye mbalamwezi na baridi utaambulia ukuta mtupu.

Tundika shuka jeupe. Lining'inize karibu na taa. Nondo wakitua hapo, rangi zao zinaonekana vizuri kuliko kwenye matofali. Mnaokaa ghorofa za juu za Dixon, msisikitike kama roshani ni tupu. Shukeni asubuhi mapema mtazame kuta zilizo karibu na taa za mlango mkuu. Wengi hulala palepale walipotua. Watoto wasiende peke yao.

Tazama mkao. Aliyetandaza mabawa yote bapa kama karatasi iliyobandikwa ukutani mara nyingi ni wa jamii ya viwavi pima, wale wanaotembea kwa kujikunja kama mtu anayepima kitambaa kwa shibiri. Aliyekunja mabawa mgongoni kama paa la nyumba, mwenye kifua kinene chenye manyoya, mara nyingi ni wa jamii ya bundi, yaani Noctuidae. Hao wa pili ndio wengi wa Aprili.

Pima. Weka sarafu ya senti 25 ukutani karibu naye kabla ya kupiga picha. Sarafu hiyo ina upana wa karibu milimita 24. Bila kipimo, kila nondo kwenye picha anaonekana mkubwa kama popo.

Tafuta madoa mawili. Kwenye bawa la mbele la jamii ya bundi kuna alama mbili: moja ya duara, nyingine yenye umbo la figo. Umbo la alama hizo, rangi yake na mistari inayozizunguka ndiyo kitambulisho chao.

Piga picha kutoka juu, wima. Kisha tumia programu ya Seek, ambayo haihitaji akaunti na inafaa watoto, au iNaturalist, ambako watu wengine watakusaidia kuhakikisha jina. Mkitumia iNaturalist, chagueni kuficha mahali halisi ili anwani ya nyumbani isionekane. Na msiamini jibu la kwanza la simu. Kwa wapendao kitabu, mwongozo wa Peterson wa nondo wa kaskazini-mashariki mwa Amerika Kaskazini, wa David Beadle na Seabrooke Leckie, ulitoka mwaka 2012. Ulizeni maktaba iliyo jirani nanyi.

Msiwashike kwa mabawa. Ule unga unaobaki vidoleni ni magamba yao madogo madogo, na hayaoti tena. Ukitaka kumtazama vizuri, mfunike kwa glasi, pitisha karatasi chini yake, kisha mwachie.

WANNE WA APRILI

Sasa niwatambulishe wanne tuliowapata sisi, mmoja baada ya mwingine.

Wa kwanza ni Orthosia hibisci. Katika wale saba wa usiku wa sufuria, wanne walikuwa hawa. Ukubwa wake ni wa kawaida, mabawa yakitandazwa hufika sentimita 3 na nusu hivi. Rangi hubadilika: mmoja kijivu, mwingine kahawia nyekundu. Usihangaike na rangi, tazama madoa mawili yaliyozungushiwa mstari mwembamba mweupe, kama yamechorwa kwa kalamu. Huyu alilala udongoni kama pupa majira yote ya baridi, na sasa ametoka. Kiwavi wake ni wa kijani mwenye vidoa na mistari myeupe, na hula majani machanga ya mipo, mitofaa na miti mingine. Mama alipomtazama alisema, "Rangi ya chai ya maziwa iliyozidi majani." Binti yangu akaandika hivyohivyo kwenye daftari.

Wa pili ni wa jenasi Eupsilia, na huyu anastahili heshima. Ni rangi ya chungwa iliyochanganyika na kahawia. Kwenye bawa kuna doa moja dogo, jeupe au la chungwa, na pembeni yake vidoa viwili vidogo zaidi, kama mama na watoto wake wawili. Huyu hakulala kama pupa. Alizaliwa nondo kamili tangu vuli iliyopita, akajificha chini ya majani makavu, theluji ikamfunika. Usiku wowote wa baridi ukipata joto kidogo, hutoka kunywa utomvu wa miti. Mtaalamu Bernd Heinrich aliwachunguza nondo wa namna hii katika misitu ya Vermont, na mwaka 1987 akaeleza kwenye jarida la Scientific American jinsi wanavyoweza. Wanatetemeka. Wanatikisa misuli ya kifua bila kupiga mabawa, mpaka kifua kinapata joto la nyuzi 30 hivi, hata kama nje ni karibu na sifuri. Manyoya ya kifuani ndiyo koti lao. Ukimwona nondo ukutani anatetemeka kama ana homa, mwache, anapasha injini.

Nilipomweleza mama habari ya huyu, hakusema kitu kwa muda. Kisha akauliza, "Alikuwa hapa wakati wote ule? Tangu Januari?" Nikamwambia ndiyo, chini ya majani yale ambayo hatukuyazoa. Kesho yake nilimkuta amesimama uani akitazama lile rundo.

Wa tatu ni Phigalia titea. Huyu ni wa jamii ya viwavi pima: kijivu, mabawa bapa, yenye mistari myeusi iliyopinda. Kila utakayemwona akiruka kwenye taa ni dume. Jike ana vipande vidogo tu vya mabawa, haruki kabisa. Hutoka ardhini na kupanda shina la mti kwa miguu, akakae hapo amngoje dume. Ukitaka kumwona jike, chukua tochi ukakague magome ya miti usiku. Tulifanya hivyo kwenye mpo ulio mbele ya nyumba kwa siku tatu. Siku ya nne mama ndiye aliyemwona, mdogo, ana manyoya, kama buibui mnene mwenye miguu sita. Binti yangu alipiga kelele ya furaha, na kwa mara ya kwanza nikamsikia akisema sentensi nzima ya Kiswahili bila kulazimishwa: "Bibi, umemwona kabla yangu!"

Wa nne alikuja mwishoni mwa Aprili, baada ya siku mbili za upepo wa kusini. Mkubwa kidogo, mweusi-kahawia, bawa refu na jembamba. Kwenye doa la figo palikuwa na mstari mfupi mweusi uliochongoka kama kisu, ukielekea nje. Simu ilisema Agrotis ipsilon. Nikasoma zaidi, nikabaki mdomo wazi. Huyu ndiye sota.

SOTA NI WA KWETU, AU NI WA HUKU?

Aliyelima bustani Afrika Mashariki anamjua sota, ingawa huenda hajawahi kumtambua akiwa na mabawa. Ni yule kiwavi mnene wa rangi ya udongo anayejikunja ukimfukua. Usiku hukata mche wa kabichi, nyanya au sukuma wiki kwenye shina, na asubuhi unaukuta umelala chini kama umekatwa kwa wembe. Nondo huyu yupo karibu dunia nzima. Baridi ya Ontario hawezi kuivumilia vizuri, kwa hiyo kila majira ya kuchipua wanakuja wapya kutoka kusini mwa Marekani, wakipanda upepo wa dhoruba mamia ya kilomita.

Si yeye peke yake anayesafiri. Mnakumbuka viwavijeshi vamizi, Spodoptera frugiperda, waliomaliza mahindi yetu? Asili yao ni bara hili la Amerika. Mwaka 2016 waligunduliwa Afrika Magharibi na ya Kati, na mwaka 2017 walikuwa wameshafika Kenya na Tanzania. Kila mwaka nondo wao huruka pia kutoka Florida na Texas kuja kaskazini, wengine mpaka Kanada mwishoni mwa kiangazi, kisha baridi inawaua. Nondo hawana viza wala mpaka.

Nilimtafsiria mama: "Huyu ni sota." Alivua kandambili papo hapo.

Binti yangu akasimama mbele ya ukuta. "Bibi, usimuue. Ni wa kwenu!"

"Ndiyo maana namjua," mama akasema. "Wewe hujawahi kupanda miche mia ukaamka ukakuta arobaini."

Sikuingilia. Wote wawili walikuwa na haki. Mama amelima maisha yake yote, na kwake sota ni karo ya shule iliyopotea. Mtoto ameona mgeni aliyesafiri usiku kucha akapotezwa na balbu yetu. Mwishowe mama alivaa kandambili yake. "Leo sitamuua mbele ya mtoto. Lakini miche yangu nitailinda."

Na analo la kulinda. Ana mbegu za mchicha na sukuma wiki alizozianzisha dirishani, tayari kwa bustani baada ya sikukuu ya Victoria mwishoni mwa Mei, baridi ya usiku ikishapita. Kwa hiyo tumeokota vile vikopo vya karatasi vinavyobaki kwenye toileti pepa. Kila mche utavishwa kimoja kama kola, nusu ndani ya udongo, nusu juu. Sota hutembea juu ya udongo usiku akitafuta shina, na akikuta kola anapita. Pia tumeng'oa magugu mapema, maana nondo huyu hupenda kutaga kwenye magugu mafupi. Dawa ya kopo haihitajiki.

MMOJA WA KUTAFUTA KWA TOCHI

Kuna nondo mmoja msumbufu kweli hapa Ontario ambaye Aprili hamtamwona kwenye taa, kwa sababu bado ni yai. Ni Lymantria dispar. Mwaka 1869 alitoroka nyumbani kwa Étienne Léopold Trouvelot huko Medford, Massachusetts, aliyekuwa amemleta kutoka Ulaya, na tangu hapo hakurudi nyuma. Mwaka 2021 viwavi wake waliacha misitu mikubwa ya Ontario bila majani. Nondo wazima huruka Julai na Agosti.

Kazi ya mapema ni kutafuta mayai yake: bonge bapa la rangi ya ngamia, kama kipande cha sponji, kwenye shina la mti, ukuta, uzio, hata chini ya viti vya roshani. Bonge moja lina mayai mamia. Vaa glavu, kwangua kwa kisu butu, tumbukiza kwenye ndoo ya maji na sabuni, acha siku mbili, kisha tupa. Fanyeni kabla Aprili haijaisha, maana baada ya hapo huanguliwa, na manyoya ya viwavi wake huwasha ngozi. Kama mti ni wa manispaa au wa jengo, toeni taarifa kwa wenyewe kwanza.

Mnaona faida ya kujua jina? Tulikuwa tayari kuwapulizia sumu wasio na hatia ukutani, na kwenye uzio wetu kulikuwa na mabonge matatu ya mayai ambayo hakuna aliyekuwa ameyatazama.

ZIMA TAA UKIMALIZA

Mkimaliza kutazama, zimeni taa. Kama mnaihitaji kwa usalama, wekeni balbu ya rangi ya manjano iliyokoza na ya kujiwasha mtu anapopita. Aprili na Mei ndege wanaohama nao wanapita juu ya Toronto usiku, na mwanga wa jiji unawachanganya. Shirika la FLAP lilianzishwa hapahapa mwaka 1993 kwa ajili hiyo.

Ndege wanaobaki nao wanawategemea nondo. Douglas Tallamy wa Chuo Kikuu cha Delaware ameeleza kwamba jozi moja ya ndege wadogo waitwao chickadee huwalisha makinda wao viwavi 6,000 hadi 9,000 mpaka waweze kuruka. Ukiua nondo wa Aprili, unapunguza chakula cha ndege wa Juni. Na majani makavu ya uani msiyazoe mapema. Ngojeni joto litulie, waliolala humo waamke.

Daftari letu sasa lina kurasa kumi na moja. Mtoto anaandika, bibi anatamka. Nimelisoma jana usiku: "Aprili 24. Nyuzi 12. Upepo wa kusini. Nondo 5. Mmoja ni rangi ya majivu ya jikoni. Mmoja hatumjui." Majivu ya jikoni hajawahi kuyaona huyu mtoto, ilibidi bibi amweleze mafiga na kuni, na maelezo yale yalichukua jioni nzima.

Mama anarudi Bukoba mwishoni mwa Juni. Ameniomba balbu moja ya manjano aende nayo. Senene, anasema, atawawashia nyeupe.

Kazi ya familia toleo hili: usiku mmoja wenye joto, shuka moja, dakika kumi. Andikeni tarehe, joto, idadi na rangi, kwa Kiswahili na kwa maneno ya nyumbani kwenu. Wenye daftari zuri watuandikie. Tungependa kujua nani mwingine amemwona sota mwaka huu, na alikuwa mji gani.

Tukutane toleo lijalo, inshallah.